Jina la Kuchukulia Pesa

Jumapili, 4 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Maji ya kiwanda cha kamba wa baharini yamefika kizingiti cha chini, na harufu yake imefika juu.

Ko Latt, mhariri wangu, amepiga kutoka Chiang Mai. Anataka makala ya njia nafuu za kutuma pesa nyumbani Burma. "Wasomaji wanaliwa na makato, dada. Watengenezee jedwali. Njia tano, ada, kiwango cha kubadilishia, muda wa kufika. Watu wanapenda jedwali."

Nimeshaiandika makala hiyo mara tatu tangu nihamie hapa Mahachai, Thailand. Njia hubadilika. Wanaoliwa ni walewale.

Safari hii nitafuata pesa za mtu mmoja, kutoka mfukoni mwake mpaka mkononi mwa mpokeaji. Ma Wut Yi, chumba cha jirani. Anamenya kamba zamu ya usiku. Mama yake yuko Burma, mjini Mawlamyine, ana mawe kwenye nyongo, macho yamekuwa ya manjano. Daktari wa upasuaji huja pale kutoka Yangon kila baada ya majuma mawili. Atakuwapo Jumamosi tarehe 17. Kliniki inataka malipo yote kabla ya Alhamisi jioni, tarehe 15. Noti mkononi. Pesa za kwenye simu hawazitaki — wao wenyewe hawana pa kuzigeuza kuwa noti. Asipolipa, nafasi anapewa mwingine. Na daktari amesema nyongo ile haitasubiri majuma mawili mengine.

Pesa anazo. Baht elfu ishirini na nane, nyingine zake, nyingine za upatu wa kiwandani. Kazi ni kuzifikisha.

Aliniuliza kama kuandikwa kwenye habari kunalipa. Nikamwambia hakulipi.

"Na wewe kuandika kunalipa?"

Kidogo, nikasema.

"Basi tuko sawa, mwalimu. Ila jina langu usiliweke. Msimamizi akijua nina pesa atataka nimkopeshe." Kwake kila mwandishi ni mwalimu.

Jumanne, 6 Agosti

Dukani kwa U Thaung Hla. Mbele anauza samaki wakavu, tambuu na vocha. Nyuma ni hawala.

Utaratibu ni uleule. Unaingiza baht kwenye akaunti ya mkewe hapa; mtu wake Mawlamyine anampelekea mama yako noti kwa pikipiki. Pesa yenyewe haivuki mpaka. Karatasi hakuna, kitambulisho hakuna. Mtu wa pikipiki akifika mtaani anauliza mama wa yule msichana wa Mahachai anakaa wapi, anaonyeshwa mlango, basi.

"Mwandishi amerudi," akasema aliponiona. "Safari ile uliniita mfanyabiashara asiye rasmi. Mke wangu alicheka wiki nzima. Anasema kumbe hata nje ya nyumba mimi si rasmi."

Nikamuuliza makato. Akaacha kucheka. Noti zimekuwa adimu kule. Benki zinatoa kiduchu, na mwenye noti anaziuza kama dhahabu. Zamani alikata mbili kwa mia. Sasa tisa.

Ma Wut Yi alikuwa nami, bado na buti za mpira miguuni. "Mjomba, tisa kwa mia? Unajua hizo ni kamba wangapi?"

"Mwanangu, noti sichapishi mimi. Ningechapisha, ningekuwa nauza samaki wakavu hapa?"

Halafu akapunguza sauti. Watu wawili wa hawala wamechukuliwa Mawlamyine wiki iliyopita. Wake bado yupo, ila simu anaizima mchana. Akatuambia tuamue upesi.

Jumatano, 7 Agosti

Nimeenda kwenye kampuni yenye leseni ya kutuma pesa, ile ya vioo karibu na soko. Ada ni baht mia na hamsini kwa kiasi chochote. Kiwango chao kilikuwa kichekesho mwaka jana. Mwezi huu wamekipandisha kikakaribia cha mtaani. Wanatafuta wateja. Mpokeaji anakwenda kaunta yao Mawlamyine na kitambulisho, anahesabiwa noti, hakatwi kitu.

Nimepiga hesabu mara mbili. Kwa elfu ishirini na nane, mama wa Ma Wut Yi atapokea zaidi kwa njia hii kuliko hawala. Tofauti ni kama ujira wa siku tano.

Wa kupokea lazima awe mama mwenyewe. Kaka mdogo, Nyein Maung, ndiye anayemuuguza, lakini ana umri wa miaka ishirini na sita na jeshi linaandikisha vijana. Dirisha lolote linaloomba kitambulisho halikaribii.

Jioni Ma Wut Yi ameniuliza mimi ningetuma kwa njia ipi. Nikamwekea hesabu mbele yake.

"Sijakuuliza hesabu, mwalimu."

"Hesabu ndiyo jibu langu."

Ameiangalia muda mrefu huku anakula wali na samaki wa kuvundika. Halafu akasema kwa zile siku tano angeweza kumnunulia mama maziwa ya kopo ya kupona nayo.

Alhamisi, 8 Agosti

Zimetumwa. Nilikaa naye kaunta. Karani ni binti kutoka mji wa Dawei, mwepesi, anaongea huku anaandika. Alisema jina la mpokeaji litajwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Ma Wut Yi akataja: Daw Mya Pan — Daw ni kama kusema bibi. Namba ya siri ikaingia kwenye simu kabla hatujainuka.

Muda wote, pamoja na foleni, ni chini ya nusu saa. Nimeuandika kwa ajili ya jedwali.

Ijumaa, 9 Agosti

Zimekataliwa.

Nyein Maung amepiga saa sita mchana. Mama amepandishwa pikipiki akiwa na homa, amepanga foleni, amefika dirishani, kitambulisho kikasomwa, akaambiwa pesa si zake. Kitambulisho kinasema Daw Kyin Ohn.

Nikamwamsha Ma Wut Yi. Daw Kyin Ohn ni nani?

"Mama."

Na Daw Mya Pan?

"Mama."

Akavuta shuka hadi kidevuni. Nikaenda kuchemsha maji ya chai.

Jumamosi, 10 Agosti

Ameeleza yote leo, kwa utaratibu, kama anayetoa ushahidi.

Mwezi wa tano, homa ilipomshika mama, walimwita mnajimu. Mama amezaliwa Jumatatu na jina lake lilikuwa la herufi za Jumatatu; kwetu kila siku ya juma ina herufi zake. Mnajimu akasema sayari ya Jumatatu inamla mwaka huu. Achukue jina la Alhamisi. Wakawaita majirani, wakawalisha majani ya chai na karanga, wakatangaza: kuanzia leo ni Mya Pan. Na lile la zamani asiliitikie mpaka miezi ya watawa kukaa ndani wakati wa mvua iishe, yaani Oktoba. Akiliitikia, ugonjwa utajua alipo.

Hakuna la ajabu hapo. Shangazi yangu alikuwa na majina matatu na alizikwa kwa la nne. Ila kitambulisho hakifuati nyota. Kukibadilisha ni miezi na bahasha.

Nikamwambia karani alisema wazi: kama lilivyo kwenye kitambulisho.

"Nilimsikia."

"Sasa?"

"Mwalimu, ningelitaja lile jina kwa mdomo wangu, halafu usiku ule mama akazidiwa. Ningejiambia nini mimi?"

Nikamwuliza kama anaamini. Akasema homa ilishuka juma lilelile la kubadili jina. Aliiona kwa macho yake kwenye video, mama ameketi, anakula. Nikamkumbusha kwamba juma hilohilo mama alianza vidonge.

"Basi vimesaidia vyote viwili. Unataka niondoe kimoja nijaribu?"

Nilienda kufunga dirisha, mvua ilikuwa inaingia.

Jumapili, 11 Agosti

Namba ya huduma ya kampuni: mashine, muziki, mashine. Ofisi imefungwa leo. Kesho ni sikukuu — siku ya mama, Thailand nzima. Watafungua Jumanne.

Mama ametapika mara kadhaa. Nyein Maung anatuma ujumbe mfupi mfupi. "Amelala." "Ameamka." "Amekunywa maji."

Jumatatu, 12 Agosti

Kiwanda kimefungwa nusu siku. Kila msimamizi amebeba shada la yasmini kumpelekea mama yake. Ma Wut Yi amewapita bila kugeuza shingo.

Tumeenda kwa U Thaung Hla. Mlango wa mbele umefungwa, tumeingia wa nyuma. Ametoka akiwa na msuli na fulana, hajanyoa. Yule mtu wake amekimbilia kijijini tangu Ijumaa, simu imezimwa.

Ma Wut Yi akamwambia hata iwe kumi na tano kwa mia.

"Ingekuwa ni bei, mwanangu, ningekufanyia kwa mbili. Ningempa mama yako leo, wewe ukanilipa ukishazirudisha zako kule kwenye vioo. Noti zipo, ziko chini ya kitanda cha mtu Mawlamyine. Mguu wa kuzipeleka ndio hakuna."

Nikamuuliza, katika miaka yote aliyompelekea mama huyo pesa, alimwandika jina gani.

"Jina la nini? Ni mlango wa kijani, mbwa mmoja, usimkaribie." Akamgeukia Ma Wut Yi. "Mama amebadili jina? Hakuna aliyeniambia. Anaitwaje siku hizi?"

"Mya Pan."

"Zuri," akasema. "Limemkaa."

Mkewe akatupa samaki wakavu wa kupeleka nyumbani na akakataa pesa. Njia nzima nilikuwa nawaza zile siku tano za ujira.

Jumanne, 13 Agosti

Kaunta, wa kwanza kwenye foleni. Karani yuleyule wa Dawei.

Herufi moja au mbili zikikosewa, anarekebisha papo hapo. Jina zima likiwa jingine, kuna njia mbili. Kufuta, na pesa kumrudia mtumaji baada ya siku tano za kazi. Au mtumaji kutia saini kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, mkubwa wake akubali, na jina jipya — yaani la zamani — liingie kesho jioni. Ada nyingine ya mia na hamsini.

Ma Wut Yi akatia saini. Akarudisha kalamu bila kumtazama karani.

"Usione haya, dada," karani akasema. "Kila wiki nawapata kama wewe. Mnajimu akishalipwa, kazi inakuja kwangu. Mwezi jana kuna baba alibadili jina pesa zikiwa tayari njiani."

Halafu akaeleza kanuni za kule, maana alishafanya kazi Mawlamyine. Kaunta itaita namba na jina. Mpokeaji aitikie, ataje jina lake na siku ya kuzaliwa, aweke dole gumba. Jina likishakosewa mara moja hawacheki na mtu tena: akiitwa mara tatu bila kuitikia, hati inafungwa na pesa inarudi Mahachai.

Ma Wut Yi akauliza kama wanaweza kuita namba tu.

"Kwa nini?"

Ma Wut Yi akasema basi, hakuna kitu.

Jumatano, 14 Agosti

Mkubwa amekubali. Ujumbe umeingia saa kumi: mpokeaji Daw Kyin Ohn. Nikadhani ndio mwisho wa kazi. Kwa umri wangu ningetakiwa kujua.

Nyein Maung akapiga. Mama hataki kwenda.

Ma Wut Yi akaweka spika. Nimemsikia mama kwa mara ya kwanza. Sauti kavu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Mnataka nikaitwe jina la ugonjwa mbele za watu, halafu niseme naam?"

"Mara moja tu, mama. Uchukue pesa, urudi kuwa Mya Pan."

"Hiyo mara moja ndiyo inayotosha."

"Mama, daktari ni Jumamosi. Kesho jioni tusipolipa—"

"Najua siku. Mimi ndiye mwenye tumbo."

"Sasa unataka nifanye nini? Nimemenya kamba mpaka kucha zimeoza. Pesa ziko hapo, mwendo wa robo saa kutoka kitandani kwako."

Halafu mama akasema polepole, bila hasira:

"Binti yangu, Kyin Ohn ndiye mwenye mawe. Nikiitikia, daktari atampasua nani?"

Nyein Maung akasema wamemtafuta mnajimu awape ruhusa au njia ya kujikinga. Ameingia monasteri kwa mafungo ya mvua, simu ameiacha kwa mkewe, na mkewe anasema yeye hasomi nyota. Majirani wamekuja kumshawishi mama. Wawili wanasema aende. Mmoja, mwenye umri kama wake, anasema angekataa pia.

Ma Wut Yi akakata simu, akalia kidogo, akafunga buti, akaenda zamu. Akikosa usiku mmoja anakatwa ujira wa mbili.

Ko Latt amepiga: jedwali liko wapi? Nikamwambia namba ninazo zote, na zote ni sahihi. Akasema, basi lete. Nikasema kesho.

Usiku ujumbe kutoka kwa Nyein Maung: "Amekubali kwenda. Hajasema ataitikia."

Alhamisi, 15 Agosti

Niko chumbani kwa Ma Wut Yi. Simu iko juu ya ndoo iliyogeuzwa, spika wazi. Amerudi kutoka zamu asubuhi na hajalala. Naandika kadiri ninavyosikia. Nikiacha kuandika nitaanza kusema, na hakuna la kusema.

Nyein Maung amemfikisha mama mlangoni, na yeye yuko mkahawa wa chai upande wa pili wa barabara. Simu ya pili ya kwao iko kwenye mkoba wa mama, imewashwa. Hajui kuizima, na hajakataa iwepo.

Feni. Mtoto analia. Mtu anakohoa. Viti vya plastiki.

Kaunta inafunga saa tisa. Kliniki iko mtaa wa nyuma. Nyein Maung amewaambia wamsubiri.

Mwanamke mmoja ameketi karibu na mama, sauti yake inasikika kuliko zote. Anataka kujua ametumiwa na nani.

"Na binti yangu. Yuko Mahachai."

"Wa kwangu yuko Malaysia. Hatumi. Anasema anatuma, hatumi. Unaumwa, dada? Macho yako hayo."

"Nyongo. Napasuliwa keshokutwa."

Ma Wut Yi ameniangalia. *Napasuliwa*, amesema. Hakusema *labda*.

"Pole sana. Unaitwa nani, nikuombee?"

"Mya Pan."

Amelitamka vizuri, taratibu.

Namba thelathini na tisa. Anakwenda kijana, kuna utani na karani, noti zinahesabiwa kwa mashine. Namba arobaini. Huyu anabishana, noti moja ina mkunjo, anataka ibadilishwe. Wanambadilishia.

"Namba arobaini na moja. Daw Kyin Ohn."

Hakuna kitu.

Ma Wut Yi ameshika ukingo wa ndoo kwa mikono miwili.

"Arobaini na moja. Daw Kyin Ohn yupo?"

"Dada," anasema yule mwanamke, "si ndiyo namba yako? Naiona hapo kwenye karatasi."

"Namba ni yangu," anasema mama.

Karani amesikia. Ni mwanamume, si mkali, amechoka tu. "Mama, kama namba ni yako, basi wewe ndiye Daw Kyin Ohn?"

Feni.

Nyein Maung ametuma ujumbe kutoka mkahawani: "Vipi?" Hakuna aliyemjibu.

"Mama, naomba unisaidie. Lazima nisikie jina kutoka kwako. Watu wanasubiri. Naita mara ya mwisho, halafu nafunga."

Ma Wut Yi ameinamia simu mpaka midomo inaigusa. Tangu mwezi wa tano hajawahi kumwita mama yake jina lile, wala kuliandika. Nadhani ndilo anataka kulitaja sasa. Midomo imefunguka.

"Mama," amesema baadaye. Kwa sauti ndogo sana. "Mama, ni mimi."

Sijui kama kwenye mkoba, katikati ya kelele zile, inasikika.

"Daw Kyin Ohn," anasema karani.

Kiti kinakwaruza sakafu. Yule mwanamke anasema, "Polepole, dada, nishike mkono." Hatua. Siwezi kujua zinakwenda dirishani au mlangoni. Naweka kalamu chini nisikilize.